Posa ya Lita Arobaini

Baba yangu ana akili timamu katika mambo yote isipokuwa dizeli. Muulize habari za mvua, za siasa, za mbuzi anayeharisha, atakujibu kwa busara mpaka utamwombea dua. Lakini taja lori, hasa lori linalokula mafuta, hapo macho yanamtoka, anasogea karibu, na chakula kinapoa sisi tukimtazama. Ujana wake wote aliumalizia barabarani kati ya Akaba na Baghdad, na hapa mjini Maan hakuna dereva asiyemjua Haji Shteiwi, mzee anayeweza kusikia lori likipita mbali huku yeye kajilaza, akafungua jicho moja na kusema, "Huyo nozeli zake zimechoka."

Kwa hiyo wazee wa Mutlak walipotuma habari kwamba wanakuja kuniposa, nilijua kutakuwa na maneno. Sikujua yatakuwa ya kipuuzi kiasi kile.

Mutlak anabeba fosfeti kutoka mgodini hadi bandari ya Akaba. Tulijuana kwa sababu ya mapazia. Mimi nashona mapazia na vifuniko vya viti vya malori, mahameli yenye vishungi vya rangi ya dhahabu, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu chenye mlango wa barabarani. Alikuja mara ya kwanza akashonesha mapazia mekundu. Akarudi, eti yamechanika. Akarudi tena, eti yamepauka. Lori lile lina madirisha mawili na kioo cha mbele, na mwanamume huyu alikuwa ameshashonesha mapazia ya kufunika shule nzima. Mama yangu huketi pembeni akichambua dengu kila anapoingia mteja wa kiume, na siku moja alimtazama akamwambia, "Mwanangu, safari ijayo tukushonee na ya matairi?" Mutlak akawa mwekundu kuliko mahameli. Wiki ile ile wazee wakaja.

Walikuja baada ya alasiri, magari matano ya wazee na lori la Mutlak likitangulia, kwa kuwa alikuwa ametoka nalo Akaba moja kwa moja na hakutaka kuchelewa. Yote waliyaacha yakiwaka mlangoni, kama inavyompasa mgeni mwenye adabu. Kwetu mtu akizima injini mbele ya nyumba yako ameshasema kwamba amekuja kukaa, na wewe huna budi kutafuta kisu na mwanakondoo. Asiyetaka kukusumbua huacha injini iwake. Anaingia, anasema, "Hatukai, injini inawaka," kisha anakaa mpaka jua linazama. Mimi na Mama tulikuwa jikoni masikio yote mlangoni, na kwa mngurumo wa nje vikombe vilikuwa vikicheza kabatini. Mama alivishika viwili alivyovipenda, kimoja kila mkono, na kusikiliza hivyo hivyo.

Mkuu wa ujumbe alikuwa Mzee Jadaan, ami mkubwa wa Mutlak, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Kahawa ikamiminwa, kikombe kikawekwa mbele yake, naye asikiguse. Ndiyo desturi, mkuu wa posa hanywi mpaka apewe jibu. Tatizo ni kwamba Mzee Jadaan hawezi kukaa nusu saa bila kahawa, na watu wote wanalijua hilo. Sauti yake ilikuwa ikimwelekea Baba, lakini macho yalikuwa kwenye kikombe.

"Haji Shteiwi," alisema, "tumekuja na haja, na kahawa yako hatuigusi mpaka tuipate."

"Haja ya mgeni iko juu ya kichwa changu," Baba akajibu. "Ila nina swali moja."

Sote tulidhani atauliza kijana anaswali, au nitakwenda kukaa nyumba gani, au mama mkwe ana ulimi wa namna gani. Hayo ndiyo maswali ya watu.

"Lori lake linakula kiasi gani?"

Mutlak ana kasoro moja, hajui kudanganya.

"Hamsini na sita, Ami. Kwa kilomita mia."

"Lita hamsini na sita!" Baba akaruka kama ameumwa na nge. "Umebeba fosfeti au umebeba bandari yenyewe? Mimi nilikuwa napanda mlima wa Ras Naqab na saruji mgongoni, upepo wa mbele, kwa thelathini na tisa!"

"Mwongo," Mama alinong'ona jikoni. "Lori lake lilikuwa likipita kunguru wanakohoa."

"Mtu asiyejua dizeli yake inapotelea wapi," Baba akaendelea, sasa amewaka kweli kweli, "atajuaje mahitaji ya mke? Sikilizeni, wazee wangu. Kijana sina neno naye. Ukoo wake ni dhahabu. Ashushe lori lile chini ya lita arobaini, kabla ya Ramadhani, na mimi mwenyewe ndiye nitakayepima. Akishindwa, Wadha atabaki na cherehani yake."

Wadha ni mimi. Nilisaga meno kwa hasira. Nina umri wa kutosha kuwa nimekwisha kataa watu watatu, na yule mmoja niliyemtaka sasa ameambiwa akashindane na injini.

Wazee wakainuka. Mzee Jadaan alikuwa wa mwisho, na alikitazama kikombe chake kama anayemuaga ndugu.

"Haji," alisema, "hata kuonja?"

"Desturi ni desturi, Mzee Jadaan."

"Ni kweli," akasema yule maskini, akatoka.

Kesho yake Mutlak alilipeleka lori kwa Bayumi, fundi wa Kimisri mwenye karakana upande wa stesheni ya zamani. Alipofika alimkuta Baba ameshatangulia, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ya kanzu ameikunja. Walifungua chujio la hewa wakakuta vumbi ambalo Bayumi aliapa kwamba angeweza kupanda nyanya humo ndani. Nozeli mbili zilikuwa zinamwaga badala ya kunyunyiza. Breki ya gurudumu moja la trela ilikuwa imeshika, yaani lori lilikuwa likitembea huku likijivuta koti lenyewe. Matairi yalikuwa hayana upepo wa kutosha. Bayumi alirekebisha yote, Baba akimsimamia na kumpa mawaidha ambayo hakuyaomba.

"Haji, nimefanya kazi hii tangu nina meno ya utoto," Bayumi akamwambia.

"Na bado unakaza kama unafunga chupa ya siki. Kaza, mwanangu, kaza!"

Kisha wakaanza kupunguza uzito. Kule juu ya kebini kulikuwa na taji la mabati lenye taa ishirini na tai wa mbao aliyetandaza mabawa. Tai akashushwa. Kwenye sanduku la ubavuni walitoa majiko mawili, gunia la vitunguu lililokuwa limeota majani, zulia, na mlango. Mlango mzima wa nyumba, na Mutlak hakukumbuka wa nani.

"Na mapazia," Baba akasema. "Ile mahameli ina uzito wa mtoto."

"Ami," Mutlak akajibu, "kila kitu kitatoka. Mapazia hayatoki."

Bayumi ndiye aliyenihadithia hayo alipokuja kuchukua kifuniko cha kiti chake. Alisema Baba alifungua mdomo, akaufunga, akageukia matairi. Mimi nilishona mshono mzima kombokombo siku hiyo, na sikujali.

Lori likashuka mpaka hamsini. Hamsini! Karakana, nozeli, tai, mlango, yote yale kwa lita sita tu. Hapo ndipo mji ulipoamua kusaidia, na Mungu akuepushe na mji unaosaidia. Muuza matairi alisema afunge sumaku kwenye bomba la dizeli. Akafunga. Kinyozi alisema atie ndani ya tangi vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Akatia, na lori likaenda Akaba na kurudi likinuka nguo za bibi yangu. Dereva mwingine alimwambia siri ni kukaa nyuma ya lori kubwa zaidi ili likukinge na upepo. Akajibandika nyuma ya lori moja kwa umbali mrefu, mpaka dereva wake akasimama, akashuka, na kumuuliza kama ana shida ya nyumbani.

Hamsini ikabaki hamsini.

Kila Alhamisi alikuja kumpa Baba taarifa. Alisimamisha lori mlangoni, linawaka, akaingia na kusema, "Sikai, Ami, injini inawaka," wakaanza. Walizungumza habari za gia, za mteremko wa Ras Naqab, za jinsi ya kuachia mguu kabla ya kona. Baba alichora barabara kwa kidole juu ya zulia. Niliona kwamba siku hizo alioga mapema na kuvaa kanzu safi, na adhuhuri alikuwa ameshaanza kuuliza kama Alhamisi hii haichelewi. Mimi sikuyatilia maanani. Nilikuwa nahesabu siku za Shaabani zikipungua kuelekea Ramadhani.

Mwishowe Baba akatangaza safari ya kupima. Alilijaza tangi yeye mwenyewe, akafunga kifuniko kwa waya ili mtu asije akaongeza wala kupunguza, akapanda kebini na mto wake wa mgongo. Waliondoka alfajiri.

Safari yenyewe naijua kwa sababu kila mmoja alinisimulia kwa upande wake, na hawakupishana hata kidogo, kila mmoja akidhani ilikwenda vizuri. Barabarani Mutlak aliendesha kwa namna ambayo Baba aliapa hajapata kuiona tangu astaafu. Hakukanyaga ovyo. Hakuvuta gia. Lakini Baba alikuwa hajapita barabara ile kwa miaka, na kila alipotokeza kichwa dirishani palisikika ukelele.

"Haji Shteiwi! Uko hai! Shuka unywe chai!"

"Hatukai, mwanangu, injini inawaka!"

Kisha wanashuka. Kwa muuza matairi wa njia panda walikunywa chai mpaka yule bwana akamaliza kisa cha talaka ya kaka yake. Kwenye kibanda cha juu ya Ras Naqab walikuta madereva wa zamani wawili na wakaanza kuvuka tena mpaka wa Iraq, kilomita baada ya kilomita, kwa mdomo. Mjini Quweira waliswali adhuhuri wakaondoka karibu na alasiri. Kurudi ilikuwa vile vile, maana huwezi kumsalimu mtu wakati wa kwenda ukampita wakati wa kurudi. Walirejea siku ya pili Baba akiwa amepata nguvu za kijana, sauti imemkauka kwa mazungumzo.

Wakajaza tangi upya. Hamsini na tano.

"Lori hili lina jini," Baba akatoa hukumu.

Jioni ile walikuwa sebuleni wakimjadili huyo jini, lori likiunguruma mlangoni, na mimi nikiwa jikoni nafagia huku nalia, nalia kweli, kamasi na kila kitu. Kabatini kikombe kimoja kilisogea, kikasogea, kikaanguka. Kilikuwa kikombe cha harusi cha Mama.

"Tangu alasiri!" Mama akapiga kelele. "Tangu alasiri lidude hilo linatetemesha nyumba yangu! Kwani likisimama nalo linakula?"

"Linakula, Mama," nikajibu. "Likiwaka linakula hata kama…"

Nikasimama na ufagio mkononi. Mama akanitazama. Tukatazama kabati, kisha ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na lori. Mle sebuleni palikuwa na mzee aliyepiga kilomita milioni na kijana anayefungua injini kwa macho yaliyofumbwa, na wote wawili walikuwa wakiusikia mngurumo ule kila siku ya maisha yao. Hawakuuhesabu hata kidogo. Ilikuwa adabu, na adabu hakuna anayeipima kwa lita.

"Usimwambie baba yako," Mama akasema polepole. "Ukimwambia adabu inakula dizeli, atasema tumekuwa makafiri."

Nilimpigia Mutlak kesho yake.

"Ukisimama njiani, injini unaiacha?"

"Naiacha. Mimi nimelelewa, Wadha."

"Na kwenye foleni ya mgodi, ukienda kusalimia watu?"

"Naiacha."

"Na kwa shangazi yako Quweira?"

"Hapo ndipo naiacha hasa! Yule mama akisikia imezima anachinja mpaka kuku wa jirani."

"Basi hilo ndilo jini lako. Zima."

Nilimsikia akifunga mlango wa lori ili watu wasisikie.

"Nizime? Kwa watu? Wadha, mimi nina mama! Watasema nini?"

"Basi usisimame. Pita."

"Nipite bila kusalimu?" Alishtuka kuliko mara ya kwanza. "Bora nife kapera."

"Utakufa kapera, na mimi nitakufa na cherehani, na kaburini tutaandikiwa lita hamsini na tano. Zima, Mutlak!"

Akaahidi. Nilijua itakuwa vigumu kwake, lakini sikujua hesabu zangu zimeacha nje jambo moja.

Baba alifunga tangi kwa waya kama kawaida, safari hii hakwenda, na Mutlak akaondoka. Kwa muuza matairi wa njia panda alizima. Yule bwana, Mutlak anasema, alisikia injini ikikata roho, akapauka, akaita mkewe. Haikupita muda mbuzi akawa chini. Mutlak alijaribu kueleza kwamba ni mambo ya mafuta, na jamaa akamwambia, "Ndugu yangu, njaa si aibu. Kaa." Akala. Juu ya Ras Naqab akazima, wakampikia mansaf, wali na nyama ya mwanakondoo, mtindi ukimwagika mpaka viwikoni. Kwenye mizani askari walimwagizia kuku wa kuchoma. Quweira shangazi yake aliposikia kimya kile alilia kwa furaha, akasema hatimaye mtoto amekumbuka damu yake, akamlaza siku mbili.

Safari ya siku moja ikawa ya siku nne. Alirudi akiwa amefungua tundu la mwisho la mkanda. Wale wa bandari walikuwa wamempigia simu mpaka wakachoka.

Baba akakata waya, wakajaza tangi. Mimi nilikuwa dirishani, kucha mdomoni.

"Thelathini na nane," Bayumi akasoma.

Bayumi akapiga makofi. Mutlak alinyanyua mikono mbinguni, akaishusha haraka kwa sababu ya tumbo. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele pale Baba aliponyanyua kiganja.

"Subirini," alisema. "Nimepigiwa simu. Nimepigiwa simu na barabara nzima. Ghazi wa matairi pale njia panda, nusu ya mbuzi. Ras Naqab, mwanakondoo. Mpaka askari wa mizani! Kijana, ni kweli unawazimia watu injini?"

"Ami, nilikuwa…"

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa miaka yote niliyoendesha," Baba akasema, "sijamzimia mtu injini asiye ndugu yangu. Binti yangu simpi mlafi."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mutlak alibaki amesimama kando ya lori lake linalokula lita thelathini na nane, mtu asiye na bahati kuliko wote katika ufalme huu. Nilitamani kutoka nimkumbatie na kumpiga.

Mzee Jadaan hakukata tamaa. Nadhani ilikuwa nusu kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake na nusu kwa ajili ya kahawa. Siku chache kabla ya Ramadhani walirudi, magari yale yale, na safari hii Mutlak alitaka kuosha jina lake, hivyo lori aliliacha liwake kwa nguvu zote, na wazee nao wakakanyaga kidogo kabla ya kushuka ili kila mtu asikie kwamba hakuna mlafi hapa. Nyumba ilitetemeka. Mama alikuwa ametandika blanketi kabatini.

Kahawa ikamiminwa. Mzee Jadaan akaketi mbele yake.

"Haji, ulisema arobaini, kijana ameleta thelathini na nane."

"Ameleta na tumbo."

"Alizima kwa ajili yako!"

"Basi na aache kuzima kwa ajili yangu."

"Akiacha itarudi hamsini!"

"Ndipo hapo hajafaulu," Baba akasema kwa ushindi, na nikasikia mle ndani wazee sita wakihema kwa pamoja.

Nilielewa wakati ule ule. Akizima ni mlafi, akiiacha ni mharibifu, na Baba anaweza kunizungusha hivyo mpaka mvi ziniote. Damu ikanipanda. Sikufikiri, na kama ningefikiri nisingethubutu. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, aproni kiunoni, nikapanda lori la Mutlak mbele ya mtaa mzima, nikapita kati ya mapazia yangu, nikageuza ufunguo. Lori likanyamaza. Nikashuka, nikaenda kwenye gari la Mzee Jadaan, nikazima. La tatu nikazima. Yote, moja baada ya jingine, na kila ufunguo ukaingia mfukoni mwa aproni. La mwisho lilipokata, nilisikia mpaka redio ya kinyozi wa mtaa wa pili.

Kisha nikaenda kusimama kwenye mlango wa sebule, mahali ambapo binti anayeposwa hasimami.

"Baba," nikasema, "magari ya wageni nimeyazima."

Hakuna aliyesogea. Mgeni akizima mwenyewe, hiyo ni njaa yake. Lakini nyumba ikimzimia mgeni gari, nyumba imesema kaa, na neno hilo halirudishwi, hata awe adui.

Wa kwanza kulifikiria mpaka mwisho alikuwa Mzee Jadaan. Niliona uso wake ukichanua taratibu.

"Haji Shteiwi," alisema kwa ile sauti yake ya upole, "nyumba yako imetuzimia. Basi tutakula kwako. Ila chakula hakitangulii kahawa. Na kahawa, kama unavyojua, hatuwezi kuigusa mpaka…"

"Najua desturi, usinisomeshe!"

"Mwanakondoo achinjwe au aachwe?" Mama akauliza kwa sauti kutoka jikoni, hana hili wala lile.

Baba alinitazama. Nilitegemea ngurumo, nikajikaza. Lakini bila ya injini nje nyumba ilikuwa tulivu mno, na mtu hawezi kugomba vizuri katika utulivu wa namna ile. Alionekana mzee. Akaanza kuchora kwa kidole juu ya zulia, kona ya kushuka Ras Naqab, ile anayoipenda.

"Akishampata Wadha," alisema, na haikuwa wazi anamwambia nani, "Alhamisi nani atakuja kuniambia habari za nozeli?"

Hapo nikaona yale niliyokuwa nayaona muda wote, kanzu safi, maswali ya adhuhuri, mto wa mgongo. Hasira yangu ikaniishia miguuni. Nilikuwa nimemwona Baba kama mtu anayenilinda na mwanamume mwenye lori bovu, kumbe alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye na hakutaka lori lipone.

Mutlak naye alielewa, na si mwepesi wa kuelewa.

"Ami," alisema, "hata lingefika thelathini ningekuja."

"Thelathini hulifikii, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Baba akafuta kona yake ya zulia kwa kiganja. "Kunyweni kahawa."

Neno la mwisho halijatoka mdomoni, kikombe cha Mzee Jadaan kilikuwa kitupu. Akakinyoosha kwa cha pili. Akakinyoosha kwa cha tatu. Kutoka jikoni Mama alipiga vigelegele vilivyofanya kazi ya magari sita.

Walikula, wakamaliza, wakatoka uani kunawa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, siwezi kutokeza kwa macho mekundu vile, nikamsikia Baba akimsindikiza Mutlak.

"Alhamisi utakuja na taarifa."

"Nitakuja, Ami. Sitakusumbua, nitaacha injini…"

"Utazima," Baba akasema. "Nyumbani kwake mtu huzima."

Huko nje wazee walikuwa wakipapasa magari yao na kuulizana, na jikoni mimi nilikuwa najifuta machozi kwa aproni, funguo zao zote zikilia mfukoni.